Mstari wa Maji

"Hilo shati halitoki humu ndani," Dereva alisema, akamega tonge jingine.

Mkewe hakugeuka. Alikuwa kwenye cherehani, amempa mgongo, mguu juu ya pedali lakini pedali haiendi. Mapajani alikuwa na mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa fundo, na hakuna mtu ndani ya chumba kile aliyehitaji kuuliza una nini. Ni shati jeupe la sare ya shule, la mtoto wa darasa la pili, lenye mfuko mmoja kifuani. Lilikuwa halijafuliwa tangu mafuriko.

"Nasema na wewe, Fundi."

"Nimesikia. Tangu jana nasikia."

"Unasikia, lakini masikio yako ya mapambo."

Zamani alimwita Mama Chiriku. Chiriku ndilo jina walilompa mtoto wao kwa kuwa hakujua kunyamaza. Tangu mafuriko alimwita Fundi, kama anavyoitwa na wateja.

Bibi, mama mzazi wa Dereva, alikuwa sakafuni akichambua maharage. "Kuleni kwanza," alisema. "Ugomvi haupoi kama chakula."

"Msimamizi kaniita leo, mama," Dereva alisema, na sasa alikuwa akimsemesha mama ili mke asikie. "Kaniita mbele ya vijana niliowafundisha mimi kushika usukani. 'Nasikia mkeo siku hizi anashona bendera.' Wakacheka. 'Mwambie ashone suruali, bendera haina mteja.' Wakacheka tena. Na mimi nikacheka. Unajua maana yake hiyo? Mimi nikacheka."

"Si bendera," Fundi alisema.

"Hata kingekuwa kitambaa cha kufutia kamasi! Kasema shati la mwanangu likionekana kesho barazani, nisiende tena kuulizia ufunguo wa tipa. Haya, niambie. Tutakula uzi?"

"Mwanao," Fundi alisema polepole. "Leo ni mwanao, kwa sababu Msimamizi kamtaja. Humu ndani sijakusikia ukimtaja."

Dereva alisukuma sahani. Ilikwenda mpaka kwenye mguu wa meza ikasimama, na Bibi akanyoosha mkono akaifunika na nyingine, kwa sababu chakula ni chakula.

Tuseme mambo yalivyokuwa, maana wapo wanaopenda yasahaulike.

Chini ya mtaa ule palikuwa na kinamasi. Watu walikichukia kwa mbu wake, na hawakujua kuwa ndicho kilichokuwa kikiwalinda. Mvua ikizidi, maji yaliingia mle yakalala, matete yakayanywa taratibu. Kampuni ilikinunua, kwa nani hatukuambiwa, ikaanza kukijaza kifusi ili ijenge maghala. Kilipofika nusu ikanyesha mvua ambayo haikuwa na adabu ya mvua tulizokua nazo. Ilimwagwa kama mtu anayemwaga maji machafu bila kuangalia nani anapita. Maji yakaenda kulala pale yalipozoea, yakakuta pamejaa, yakarudi kulala kwa watu.

Wakubwa walikuja na viatu vya mpira wakasema ni mabadiliko ya tabianchi. Miaka mingi walilicheka neno hilo. Siku walipogundua kuwa halina mwenyewe, halina anwani wala haliwezi kushtakiwa, walilikumbatia kama ndugu aliyepotea. Na kweli mvua zimeharibika. Lakini joto lililoziharibu halikutoka kwenye majiko yetu ya mkaa, na hata mvua iliyoharibika namna gani haijawahi kuendesha tipa.

Tipa liliendeshwa na Dereva. Yeye na wenzake. Siku ya mafuriko alikuwa ameshikilia usukani, anarudi nyuma taratibu, kioo cha pembeni kikimwonyesha matete yanavyofunikwa, wakati mtoto wake amelala na homa kitandani huko mtaani na maji yanaingia chini ya mlango.

Baada ya maji kupungua Kampuni iligawa magodoro, ikapiga picha, halafu ikagawa rangi. Rangi nyeupe ya bure, nyumba kwa nyumba, na wapakaji juu yake. Watu walishukuru, nani hataki ukuta mweupe? Mstari wa tope uliokuwa kwenye kila ukuta ukafunikwa. Ndipo ikatoka ripoti, ikasomwa redioni kwa sauti nzuri: maji katika mtaa ule yalifika magotini. Na maji ya magotini, kila mtu anajua, hayamuui mtoto wa darasa la pili. Kama amekufa, basi kuna uzembe wa mtu. Kilichobaki kwa Kampuni ni kibali cha baraza cha kumalizia nusu ya kinamasi iliyobaki.

Ukuta walikuwa wameupaka. Nguo walizisahau.

*

Kile kitambaa Msimamizi alichokiita bendera kilikuwa mwisho wa mtaa, katika chumba cha duka lililofilisika. Wanawake walikishonea humo kila jioni kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye ukuta mrefu usio na dirisha.

Fundi ndiye aliyeanza. Wakati wenzake wanachota maji wafue, alikwenda mlango kwa mlango akiwazuia kama kichaa. Msifue, msifue. Nguo iliyokuwa imetundikwa kwenye msumari, pazia lililokuwa mlangoni, taulo kwenye kamba ya ndani, vyote vilikuwa na mstari: chini kahawia, juu rangi yake ya zamani. Basi wakakubaliana namna ya kuunga. Hakuna kuangalia rangi, hakuna kuangalia maua. Unachukua nguo, unaipandisha au unaishusha mpaka mstari wake ukutane na wa jirani yake, ndipo unapiga uzi. Pazia likaning'inia chini, koti likawa juu, gauni la harusi la mtu likaingia katikati likiwa limechafuka mpaka kiunoni. Mstari mmoja ukapita katika nguo zote, umenyooka kama meza. Walipokitundika kwa kipimo chake, ukisimama mbele yake maji yalikufika kifuani.

"Hii suruali ya marehemu mume wangu," alisema jirani waliyemwita Mdomo, akiishindilia pini. "Miaka yote nilimwomba apige pasi iwe na mstari. Hakuwahi. Kangoja afe, mstari ukaja wenyewe, tena umelala kama yeye."

Walicheka mpaka mmoja akajichoma na sindano. Kicheko kilipoisha macho yote yakarudi palepale, kwenye nafasi iliyoachwa katikati. Ilikuwa ndogo, ya upana wa shati la mtoto.

"Utalileta?" Mdomo aliuliza, na safari hii hakutania.

"Kesho asubuhi. Nitalishona palepale."

"Maana hiyo ndiyo nyumba wanayoisemea. Hizi zetu zote watasema zilikuwa zimeanguka sakafuni. Lako lilikuwa kwenye msumari, shoga, na watu waliuona huo msumari. Tope limefika mfukoni."

"Najua lilipofika."

Alijua kuliko mtu yeyote. Shati lilikuwa limefuliwa na kutundikwa tayari kwa kufunguliwa shule. Chini yake ndipo kilipokuwa kitanda. Msumari ulikuwa juu kuliko mtoto.

*

Asubuhi ya kikao Dereva alimkuta mama yake uani, peke yake, anakoka moto.

"Mama, nisaidie. Mimi akinisikia sauti tu anafunga moyo. Wewe anakuheshimu."

"Nimwambie nini?"

"Ile nguo isionekane vile. Mbele ya watu, na wakubwa, na Msimamizi amekaa. Isionekane vile, mama."

Alisema hivyo akaondoka, kwa sababu lori la Kampuni lilikuwa linawasubiri barabarani wafanyakazi wote, kila mmoja amepewa fulana ya njano yenye nembo, wapelekwe barazani kupiga makofi.

Bibi alibaki na maneno hayo. Isionekane vile. Aliyageuza kama anavyogeuza maharage, akitafuta jiwe. Mwanawe anaona aibu. Mkwewe anataka mtoto aende barazani pamoja na wengine, na hiyo nayo ni haki yake kama mama. Wote wawili wanalilia kitu kimoja na hawaoni. Mtoto aende, lakini asiende vile.

Na hapa lazima ieleweke kuwa shati lile lilikuwa kazi ya Bibi. Fundi alishona, Dereva aliendesha, Bibi alifua. Kila Jumamosi aliichukua sare ya mjukuu wake, akaisugua kola kwa sabuni ya mche huku Chiriku akimsimulia wiki nzima bila kuvuta pumzi. Hakuna siku mtoto yule alikwenda mbele ya mwalimu na kola chafu. Leo anakwenda mbele ya wakubwa wa mji, na bibi yake yuko hai?

Fundi alikuwa amekwenda kuazima pini. Mfuko mweusi ulikuwa juu ya cherehani. Bibi alifungua fundo.

Tope lilikuwa limekauka likawa kama ngozi. Alilowesha, akasubiri, akalowesha tena. Maji ya kwanza yalitoka na rangi ya chai, akayamwaga. Ya pili yakatoka na rangi ya kutu, akayamwaga. Alisugua mfuko wa kifuani kwa vidole, taratibu, kama anayemsafisha mtoto uso, na akajikuta anaongea. Alimwambia Chiriku habari za wiki, kisha za wiki iliyopita, zote alizokuwa anadaiwa. Akalikamua, akalianika juani, likiwa bado na unyevu akalipiga pasi ya mkaa. Akafunga vifungo vyote. Fundi aliporudi alilikuta kwenye kamba, jeupe, limenyooka, mikono imejaa upepo.

Alisimama.

"Umeona?" Bibi alisema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo haijaonekana mle ndani tangu mafuriko. "Sasa aende. Hakuna atakayemcheka."

Fundi alilishika shati chini ya mfuko, akaligeuza ndani nje, akaligeuza tena.

"Maji yako wapi, mama?"

"Maji gani?"

"Uliyofulia."

"Nimeyamwaga, mwanangu. Yalikuwa machafu."

Fundi alitazama pale yalipomwagwa. Ardhi ilikuwa imekwisha kuyanywa. Alikaa chini palepale, juu ya unyevu, na Bibi akadhani anashukuru. Ilichukua muda kabla mzee hajaelewa. Alipoelewa alishika kifua kwa mikono miwili, mikono bado ina sabuni kwenye kucha.

"Nyanyuka, mama," Fundi alisema mwishowe, ingawa aliyekaa chini ni yeye. "Vaa viatu. Tutachelewa."

*

Mlangoni pa baraza mlinzi aliwazuia. Alitaka kitambaa kifunguliwe akikague. Kikafunguliwa. Akainama akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Hiki kinanuka."

"Kinanuka nyumba zetu," Mdomo alisema. "Sisi tulilala nacho, wewe unashindwa kusimama nacho?"

"Mngefua basi."

Bibi aliinamisha uso.

Waliachwa juani mpaka wageni wenye magari waingie wote. Ndipo Fundi alipolitoa shati, na wanawake wakaliona. Mmoja akaguna. Mdomo alimtazama Bibi, akaangalia kucha zake, akaelewa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akachagua maneno.

"Si mwisho wa dunia," alisema. "Mtaro ule pale una tope. Tope ni tope. Tunajua lilifika wapi, mfukoni, basi tunalipaka mfukoni. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," Fundi alisema.

"Wewe utajua, sawa. Na wao waliopaka ukuta rangi, hawajui? Wanalala usingizi!"

"Ndiyo maana silipaki."

"Shoga, acha utakatifu. Kibali kikipita leo wanajaza kinamasi chote. Chote! Mvua ijayo hatutakuwa na nguo za kushona."

"Akituuliza hata mmoja tu, 'hili tope mmelipaka lini?', nguo zote hizi zimekwisha kuwa uongo. Za mumeo, za huyu, za yule." Akanyoosha mkono. "Nipe sindano."

Alilishona palepale, amepiga magoti kwenye ngazi za baraza, mishono mikubwa ya haraka ambayo angemgombeza mwanafunzi wake kwayo. Walipokitundika ndani, mstari ulitoka ukutani kushoto ukaja umenyooka, nguo kwa nguo, ukafika katikati ukakatika. Shati jeupe. Halafu ukaendelea.

Ukumbi ulikuwa na feni na maji ya chupa. Mbele alikaa Mwenyekiti, yule yule aliyewahi kuvua viatu wakati wa uchaguzi akavuka mtaro wetu akiwa amebebwa na vijana, akaapa kuuchimba. Mtaro haujachimbwa, viatu amebadilisha. Pembeni yake alikaa afisa uhusiano wa Kampuni, binti mrembo mwenye sauti ya kutangaza. Nyuma walikaa wafanyakazi wa fulana za njano, na Dereva kati yao, kichwa kimeingia mabegani.

Binti aliamka akakisogelea kitambaa. Alikitazama kwa kichwa kilichoinama upande, kama watu wanavyotazama picha.

"Kwanza kabisa, hongereni sana akina mama. Hii ni sanaa. Kampuni inaunga mkono sanaa ya jamii inayoelimisha kuhusu tabianchi." Akanyoosha kidole chenye kucha nyekundu. "Na mimi kilichonigusa ni hiki hapa katikati. Katika uchafu wote huu, shati moja jeupe. Safi kabisa. Ni ujumbe mzito. Haya ni matumaini."

Fulana za njano zikapiga makofi. Mpiga picha akasogea.

"Si matumaini, mwanangu." Sauti ilitoka kwenye benchi la nyuma, nyembamba, watu wakageuka kuitafuta. Bibi alikuwa amesimama, ameshikilia bega la Mdomo. "Ni sabuni."

Mpiga picha alishusha kamera.

"Nimelifua mimi asubuhi ya leo. La mjukuu wangu hilo. Tope lilikuwa limefika hapa." Akajigusa kifuani. "Nililiona kwa macho yangu, nikalitoa kwa mikono yangu, nikidhani nawatendea heshima. Usiniite matumaini. Mimi ni mama mzee mjinga."

Tabasamu la binti halikuondoka mara moja. Lilikauka likiwa usoni. Alirudi mezani, akanywa maji, akafunua karatasi.

"Pole sana, bibi. Sote tuna uchungu. Lakini kwa kuwa tumeletwa kwenye mambo ya nyumba hiyo, tuwe wakweli. Ripoti inasema maji yalifika magotini. Na inasema mtoto alikutwa ndani ya chumba kilichofungwa kwa kufuli." Akatazama juu. "Kwa nje. Nani alifunga?"

Katika nyumba ile kila mtu alikuwa anaibeba hatia yake kitandani na mezani, isipokuwa hatia yenyewe kubwa, ambayo ilikuwa imekaa chini ya feni.

Fundi aliamka. "Nilifunga mimi."

"Sauti, mama."

"Nilifunga mimi! Alikuwa na homa, analala. Nilipeleka gauni la mteja nipate ya dawa. Nikafunga asije akatoka akazurura na homa. Majirani walimsikia anaita. Walivunja kufuli, maji yakawazidi kuusukuma mlango." Alilitazama shati. "Chiriku hakujua kunyamaza. Walisema alinyamaza mara moja."

Mwenyekiti aligonga meza kidogo kwa kalamu, kama mtu anayetaka kuomba radhi kwa wageni. "Basi, mama, tumesikia. Baraza linakupa pole. Nadhani jambo hilo limejieleza. Tuendelee."

"Hatuendelei."

Msimamizi aligeuka kwenye kiti chake kabla ya mwingine yeyote, kwa kuwa aliijua sauti. Dereva alikuwa amesimama katikati ya fulana za njano. Kijana wa pembeni alimvuta suruali akae, yeye akautoa ule mkono.

"Siku ile nilikuwa kwenye tipa," alisema. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Maneno yalitoka kama yanapakuliwa kwa koleo. "Mvua ilipokuwa kubwa tulimwambia Msimamizi, maji yanarudi huko juu, tusimame. Akasema mwageni, maji yatatafuta njia. Yuko hapo, mumuulize. Tukamwaga. Nikamwaga. Maji yakatafuta njia, yakaikuta nyumba yangu."

"Bwana, kaa chini," Mwenyekiti alisema.

"Shati lile nililitoa msumarini mimi. Na yeye nilimtoa mimi. Maji ya magotini siyajui. Mama Chiriku kafunga mlango, kasema. Mama yangu kafua shati, kasema. Mimi nimemwaga kifusi, nasema. Nyumba yangu imemaliza." Alivua fulana ya njano, akabaki na singlendi iliyotoboka ubavuni, mbele ya wageni wote. Akaiweka kwenye kiti. "Nani anafuata?"

Feni zilizunguka. Msimamizi alikuwa anaangalia simu yake kwa bidii kubwa.

"Tumeyapokea maoni," Mwenyekiti alisema. "Tupumzike kwa chai."

Chai ilikuwa ya wageni. Wanawake walitolewa nje, kitambaa kikazuiliwa ndani, wakaambiwa ni mali ya kikao mpaka uamuzi utolewe. Lakini kabla mlinzi hajafika ukutani, Fundi alikuwa amekwisha kupitisha wembe kwenye mishono yake mikubwa, akaondoka na shati kifuani. Kikabaki na tundu.

*

Kibali kilipita. Wapo waliotushauri tusishangae, na kweli hatukushangaa. Dereva hakwenda kuulizia ufunguo. Kijana aliyemvuta suruali ndiye anayeliendesha tipa lile sasa. Dereva mwenyewe alipata mkokoteni sokoni, wa kukodi. Siku za kwanza wachuuzi walimwita Mheshimiwa, na kila anayempa mzigo alimwuliza kama leo atatoa hotuba au atasukuma. Alisukuma.

Kitambaa hakikurudishwa. Mdomo alikiona siku alipokwenda kulipia choo cha soko: kimefunikwa juu ya jenereta ya baraza, isilowe. Alirudi akitukana njia nzima, na jioni ile wanawake wakaanza kingine. Nguo zilizobaki na mstari zilikuwa chache.

Fundi alirudisha shati kwenye msumari. Msumari ule ule, ukuta ule ule mweupe wa rangi ya bure. Bibi alizoea kulala ameupa mgongo ukuta ule.

Kinamasi kikajaa chote, kikawa kiwanja, tambarare na chekundu. Kisha msimu ukabadilika, mbingu ikakaa nzito, na saa za alasiri mvua ikaja vilevile, bila adabu. Safari hii hapakuwa na kufuli kwenye mlango wowote wa mtaa ule. Watu walipanda shuleni, kwenye ghorofa, watoto wamebebwa migongoni, Dereva na mkokoteni wake wakipandisha wazee na magodoro. Kutoka juu waliyaona maji yakiingia nyumbani kwao kama wenye nyumba.

Yalipoondoka walishuka pamoja, wote watatu. Mlango ulikuwa umeng'oka. Cherehani ilikuwa imelala chali, imejaa matope mpaka kwenye sindano. Ukutani shati lilikuwa bado limetundikwa.

Fundi alilisogelea. Mfuko wa kifuani haukuonekana tena, wala vifungo. Tope lilikuwa limepanda mpaka kwenye kola, na juu ya kola palibaki utepe mwembamba mweupe, upana wa kidole.

"Limepanda, Mama Chiriku," Dereva alisema.

"Limepanda."

Walisikia vyombo vikigongana nyuma yao. Bibi alikuwa amepiga magoti kwenye furushi alilokuja nalo kutoka shuleni, anapekua. Alitoa kipande cha sabuni ya mche, kile alichohangaika kukiokoa kuliko sufuria. Alikwenda nacho mpaka mlangoni, akakitupa nje, mbali alivyoweza, kikazama kwenye tope.

Akarudi akijifuta mikono.

"Tafuteni sindano," alisema. "Kabla halijakauka likabanduka."